Barua ya wazi kwa wakuu wa magereza: mliandika "ufunguo mmoja", hamkuuliza nyumbani nimemwacha nani

Waheshimiwa mnaosimamia magereza, mawaziri, makamishna, mabwana jela na mabibi jela, pamoja na nyie mahakimu mnaotuletea watu humo,

Habari za kazi. Hamnijui, ila jina langu lipo kwenye lile daftari lenu kubwa la kurasa ndefu, na namba niliyopewa siku ile bado naikumbuka kuliko hata namba yangu ya simu. Sitaitaja hapa. Nilikaa ndani miezi 11 kama mahabusu, kesi yenyewe mwisho wa siku ikafutwa, na sijaja kulalamikia kesi maana hiyo nilishamwachia Mungu. Nimekuja kuongelea meza.

Ile meza ya mapokezi. Mtu anashushwa kwenye gari na pingu zake, anasimamishwa pale, askari mmoja anashika vitu vyake anavitaja na mwenzie anaandika. Nilifika jioni wanakaribia kufunga. Mkoba mmoja mweusi, simu moja kioo kimepasuka, kitambulisho, hereni jozi moja, hela kiasi, ufunguo mmoja. Ule ufunguo aliushika akautikisa kidogo hivi, mwenzie akaandika "ufunguo mmoja", ukatiwa kwenye bahasha, gundi, haya saini hapa. Nikasaini. Na hapo nimeganda tu, maana ufunguo wenyewe ndo wa nyumba ninayoishi na wanangu, na asubuhi nilivyotoka niliaga nikasema mchana nitakuwa nimerudi. Wawili walikuwa shule, yule mdogo wa mwaka na miezi miwili nimemwacha kwa jirani, nikamwambia shikilia mara moja tu nakuja.

Niliulizwa maswali mengi sana pale. Dini, urefu, alama za mwilini, kama nimeshawahi kufungwa, na ndugu wa karibu ni nani endapo nitafia ndani. Endapo nitakufa wameuliza, sasa endapo niko hai na watoto wako mlangoni jioni wanagonga nyumba imefungwa, hiyo kwenye fomu haikuwepo. Mwishoni nikajikaza nikasema afande nina mtoto ananyonya. Akanijibu, tena wala hakuwa mkali jamani, alinijibu kwa upole tu, "mama hayo utamwambia hakimu." Hakimu mwenyewe nilikuwa nimepangiwa kumuona baada ya siku 14.

Usiku wa kwanza sikulala kwasababu ya maziwa. Mkitaka niongee kistaarabu siwezi, acha niseme ilivyo. Matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe, joto, nikiguswa hata na nguo nataka kupiga kelele, na tulikuwa tumebanana selo nzima ubavu kwa ubavu, ukigeuka mmoja mnageuka wote. Kuna mama mmoja mtu mzima, kesi yake kubwa tu, akanyanyuka gizani akasema mwanangu njoo, akanishika akanikamulia kwenye kipande cha shuka, akawa anakamua huku ananiambia lia basi, lia yatoke yote. Shuka likalowa, akaenda kulikamulia kwenye ndoo. Chakula cha mwanangu kikaishia kwenye ndoo ya haja. Nikaendelea hivo kama wiki mpaka yakakauka yenyewe, homa juu, na mtoto huko nje kaachishwa ghafla bila hata mtu kupanga.

Jirani alikuja kujua niko wapi baada ya siku mbili. Siku mbili!

Sasa nilivyotoka, nikawa nasomasoma kwenye simu, nikakutana na kitu kinaitwa Kanuni za Bangkok. Nyie mnazijua, na kama hamzijui basi ni aibu yenu maana serikali zenu ndo zilikaa kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2010 zikazipitisha, kanuni 70, zote za wanawake wafungwa. Kanuni ya 2 inasema mwanamke mwenye watoto anaowalea aruhusiwe kupanga watakaa na nani, kabla hajaingia au anapoingia, na inataja kabisa kwamba inawezekana hata kumwahirishia kuingia kwa muda akapange mambo ya watoto kwanza. Ya 3 inasema mwanamke akipokelewa iandikwe ana watoto wangapi, majina yao, umri wao, na kama hawapo nae basi wako wapi na nani anawalea. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu kama chizi. Yaani kumbe lile swali lipo! Lilishaandikwa zamani, halikufika tu kwenye ile meza.

Naelewa magereza yalijengwa kwa kumfikiria mwanaume. Duniani wanawake na wasichana walioko ndani ni zaidi ya 740,000 kwa hesabu zilizotolewa 2022, kama 7 hivi kwenye kila wafungwa 100, na idadi yetu imepanda kwa karibu asilimia 60 tangu mwaka 2000, kasi ambayo wanaume hawaikaribii. Lakini kwasababu bado tu wachache, tunawekwawekwa tu. Utakuta gereza la wanaume, kona moja wamezungushia ukuta wakaandika wanawake. Karakana ya kujifunza kazi iko upande wa wanaume, zahanati iko upande wa wanaume, uwanja wa wanaume, mnaomba ruhusa na kusindikizwa kama wageni.

Na uchache huohuo unaleta lingine ambalo mtu wa ofisini halioni, umbali. Magereza ya wanawake yakiwa machache maana yake utapelekwa lilipo, hata kama liko mwisho wa dunia kutoka kwenu. Mama yangu mzazi alikuja mara mbili kwenye miezi 11. Mara ya kwanza alifika akakuta muda wa kuona wafungwa umeisha kwa dakika kumi, akalala kituo cha basi, akarudi kesho yake. Mara ya pili alimleta yule mdogo. Tukawekewa kioo katikati. Mtoto akaweka kiganja kwenye kioo, mi nikaweka cha kwangu, yeye akaanza kupapasa pembeni anatafuta kioo kinaishia wapi ili apite. Kapapasa mpaka kwenye pembe, kageuka kamuangalia bibi yake, ndo akaanza kulia. Kanuni zenyewe zinasema ziara za watoto ziwe mahali pasipowatisha, mama na mtoto waweze kugusana. Mimi na umahabusu wangu ningemfanyia nini mtoto wangu mwenyewe cha kuwekewa kioo? Na kama hofu ni kupitisha vitu si mnipekue nikitoka pale, mnavyopenda kupekua vile.

Afu lingine, na hili wanawake wenzangu watanielewa kabla sijamaliza sentensi. Ukienda siku ya kuona wafungwa kwenye gereza la wanaume, foleni imezunguka ukuta, wake, mama, dada, wachumba, kila mtu na kifurushi chake. Nenda la wanawake. Utakuta vimama vizee viwili vitatu na dada wa mtu. Mwanaume akifungwa mke anahangaika, anauza hata kitanda atafute wakili. Mwanamke akifungwa, mwezi wa tatu unasikia mzee ameshaingiza mwingine ndani. Sisemi wote, wapo waliosimama, nilimuona mmoja alikuwa anakuja kila alipopata nauli na tulikuwa tunamshangilia dirishani kama timu imefunga goli. Ila ndo huyo mmoja.

Haya, tuongelee pedi, na naomba waheshimiwa msione haya, maana haya hayo ndo yametufikisha hapa. Mwanamke aliye ndani anaingia kwenye siku zake kama mwanamke mwingine yeyote, tena wengine kwa ile stres ya mwanzo zinavurugika kabisa, zinakuja mara mbili kwa mwezi au zinapotea miezi minne. Kwetu ulikuwa ukihitaji unanyoosha mkono wakati wa hesabu, mbele ya wote, unasema afande naomba. Afande anaweza kukupa, anaweza kusema zimeisha, anaweza kukuuliza "za juzi umefanyia nini?" Unapewa mbili, tatu. Hapo mtu anatumia moja siku nzima mpaka anachubuka mapajani. Zikiisha unachana shuka, unachana blanketi, unachomoa sponji ya godoro, na sponji ya lile godoro waliolalia watu ishirini kabla yako sijui hata ina wadudu gani, halafu ukikutwa godoro limechunwa unaadhibiwa kwa kuharibu mali ya gereza! Wenye ndugu wa kuwaletea wanakuwa matajiri humo ndani, pedi inanunua sabuni, inanunua zamu ya kufanya usafi, inanunua hata nafasi ya kulala mbali na ndoo. Nilimuona binti wa kama miaka kumi na tisa amefua nguo za mtu mwezi mzima kwa paketi moja. Kanuni ya 5 ya Bangkok inasema pedi zitolewe bure, na maji yapatikane mara kwa mara kwa wanaohitaji, ikataja kabisa wajawazito, wanaonyonyesha na walio kwenye siku zao. Bure. Haijasema kwa hisani ya afande.

Na nikiwa hapo kwa afande niseme ukweli, maana sitaki muone nimekuja kuwasema askari. Kuna askari mmoja wa kike, mdogo tu kiumri, alikuwa akiingia zamu ya usiku anapitisha paketi chini ya mlango, amenunua kwa mshahara wake, anasema "gawaneni msigombane". Wale wanawake wenzetu wanaotulinda nao wana watoto wamewaacha na dada wa kazi, nao wanasimama masaa 12 na hedhi zao, na choo chao hakikuwa bora sana kuliko chetu. Tatizo lao na letu linatoka ofisi moja.

Upekuzi nitapita haraka kwasababu bado nikiuandika mikono inatetemeka. Kila ukitoka mahakamani ukirudi unavua, unachuchumaa, unakohoa, unageuka. Ukiwa kwenye siku zako unavua hiyohiyo, unaiweka chini, mbele ya foleni. Wengi wetu humo ndani tulishapigwa au kubakwa huko nje kabla hata ya kuijua jela, sasa mtu wa namna hiyo kumwambia vua panua, mara mbili kwa mwezi, mnategemea atoke ametulia arekebishike? Mashine za kukagua zipo, viwanja vya ndege zimejaa, na kanuni ya 20 inawaambia mtafute njia hizo badala ya kuvua watu nguo. Kupekuliwa na mwanaume ndo usiseme, hilo halitakiwi kabisa. Kule Uingereza kuna mama aliitwa Elizabeth Fry aliingia gereza la Newgate mwaka 1813 akakuta wanawake na watoto wamerundikwa pamoja kama mizigo, akapiga kelele miaka na miaka, na mwaka 1823 ikatoka sheria kwamba wanawake wafungwa walindwe na wanawake. 1823! Kanuni za Nelson Mandela za 2015, nazo za Umoja wa Mataifa, za wafungwa wote, zikarudia hilohilo, kwamba askari wa kiume haingii upande wa wanawake mpaka awe na mwenzie wa kike. Miaka mia mbili ushee na bado kuna mahali usiku funguo za wanawake anashika mwanaume peke yake, na nyie mnajua ni wapi.

Wajawazito. Tulikuwa nae mmoja, tumbo la mwezi wa tisa, uchungu ukamshika usiku. Tukagonga mlango kwa ndoo, kwa mabakuli, kwa viganja. Sijui tuligonga muda gani maana saa hatuna, ila niliosha viganja asubuhi vikawa vinawasha. Walikuja, wakamchukua, na kabla ya kumtoa wakamfunga pingu. Mwanamke ambaye hawezi hata kusimama wima, anatembea ameinama ameshika ukuta, anakimbilia wapi? Alivyorudi alituambia mkono mmoja ulibaki umefungwa kwenye chuma cha kitanda mpaka mtoto anatoka, akawa anamshika mwanae kwa mkono mmoja. Kanuni ya 48 ya Mandela inakataza pingu kwa mwanamke aliye kwenye uchungu, anayejifungua, na aliyetoka kujifungua sasa hivi. Hiyo haihitaji bajeti waheshimiwa. Pedi mtasema hela hakuna, majengo mtasema hela hakuna, haya kutokumfunga mtu pingu kunagharimu shilingi ngapi?

Yule mtoto aliyezaliwa akarudi nae ndani, na hapo ndo nilianza kuwaangalia vizuri watoto wa gerezani. Kulikuwa na mwingine mkubwa kidogo, kama miaka miwili hivi. Huyo akisikia tu funguo zinalia kule koridoni, anaacha alichoshika, anakimbia anajipanga ukutani anachuchumaa kama sisi, mikono kichwani, anasubiri kuhesabiwa. Hakuna aliyemfundisha. Askari walikuwa wanacheka, sisi pia tulicheka siku za mwanzo, kanavyochuchumaa na matako yake madogo. Baadae nikawa naangalia pembeni. Hajawahi kuona mbwa, hajawahi kuona giza la nje, mlango kwake ni kitu ambacho hufunguliwa na mtu mwingine. Kanuni ya 49 ya Bangkok inasema mtoto anayekaa na mama yake gerezani asichukuliwe kamwe kama mfungwa, lakini kale katoto kalikuwa na chakula cha mfungwa, godoro la mfungwa na ratiba ya mfungwa, sema tu hakakuwa na kesi. Na siku akifika umri wa kutolewa, anatolewa. Mama yule alikuwa ameshaanza kuhesabu miezi. Usiku anamfundisha majina ya ndugu zake wa nje, huyu ni shangazi, huyu ni bibi, mwambie bibi shikamoo, na mtoto anarudia, shikamoo bibi, anaiambia kuta.

Najua mtu atasema, si wangefikiria watoto kabla ya kufanya makosa. Sawa. Ila kaeni siku moja tu kwenye selo ya wanawake muulize mmoja mmoja umeletwa na nini. Utakuta aliyeiba vitu vya kula na nguo za mtoto, aliyeshindwa kulipa faini, aliyeingia mkopo wa kikundi wenzake wakakimbia, aliyebebeshwa mzigo na bwana ake hajui hata ndani kuna nini au anajua na aliogopa kukataa, aliyechoka kupigwa miaka kumi siku moja akashika kisu. Na wengi, kama mimi, hawajahukumiwa hata, wamekosa tu dhamana kwasababu hati ya nyumba ina jina la mume na mdhamini hakupatikana. Wapo wenye makosa mazito, sikatai, nimelala nao ubavu kwa ubavu na mmoja wao ndo aliyenikamua maziwa. Nasema tu kwamba hawa mnaowafungia kwa kufuli tatu, wengi mngewaacha nyumbani wakaripoti kila wiki wasingemdhuru mtu.

Na hili lilishafanyika, sio ndoto ya mahabusu. Juni 1994, mwezi wa pili tu tangu awe rais wa Afrika Kusini, Nelson Mandela aliwafutia kifungo kilichobaki akinamama wenye watoto chini ya miaka 12, isipokuwa wenye makosa fulani makubwa. Mfungwa mmoja mwanaume, baba wa mtoto wa umri huohuo, akaenda mahakamani akasema huu ni ubaguzi, na mimi je? Swali la haki kabisa ukiliangalia. Mahakama ya Katiba ya kule ikalijibu mwaka 1997, ikakubali uamuzi ule ubaki, kwasababu kiuhalisia mzigo wa kulea watoto uko mabegani kwa mama, na akina baba waliachiwa mlango wa kuomba mmoja mmoja. Brazil nao Februari 2018 mahakama yao ya juu ikaamua wajawazito na mama wa watoto wa hadi miaka 12 ambao kesi hazijaisha wasubirie nyumbani chini ya kifungo cha nyumbani, labda kama kosa ni la kutumia nguvu au amemfanyia mtoto wake mwenyewe. Hao ni majaji, wamevaa majoho, sio mimi.

Kuhusu akili ya mtu humo ndani, kwetu dawa ilikuwa moja, ukilia sana unapewa kidonge cha kulala. Ukiamka ukalia unaongezewa. Kwenye gereza la Styal kule Uingereza walikufa wanawake 6 ndani ya miezi 12, kati ya 2002 na 2003, ndo serikali ikamtuma Jean Corston achunguze, na ripoti yake ya 2007 ikasema yale magereza makubwa ya wanawake yaondolewe, viwekwe vituo vidogo karibu na makwao. Walisubiri sita. Sijui nyie mnasubiri wangapi. Na saratani ya matiti na ya kizazi nazo zipo kwenye kanuni, kwamba tupimwe kama wanawake wa nje wanavyopimwa. Miezi 11 kipimo pekee nilichofanyiwa ni cha mkojo siku ya kuingia, kuona kama nina mimba, na majibu hata sikuambiwa, niliyajua mwenyewe.

Sasa nataka nini. Pedi ziwekwe mahali mtu anachukua mwenyewe bila kunyoosha mkono. Pingu zitoke wodini, hata kesho asubuhi inawezekana, ni waraka wa mistari miwili. Kioo kiondoke mtoto anapokuja. Mahakimu, kabla hujaandika "mahabusu" kwenye jalada la mwanamke, nyanyua macho umuulize una watoto, wako wapi saa hizi. Hayo mengine ya majengo na mashine najua mtaniambia mchakato unaendelea, mi mchakato naujua, kesi yangu pia ilikuwa kwenye mchakato.

Siku natoka nilipitishwa meza ileile. Askari mwingine, daftari lilelile. Bahasha ikachanwa, akataja kimoja kimoja, mkoba, simu haiwaki, kitambulisho, hereni, hela kiasi, ufunguo mmoja, saini hapa umepokea vyote. Vyote. Ule ufunguo nilienda nao mpaka mlangoni, ukagoma kuingia, mwenye nyumba alibadilisha kitasa tangu mwezi wa nne na vyombo vikauzwa kufidia kodi. Wakubwa wawili walikuwa kwa mama yangu, mmoja ameacha shule amlelee mwenzie. Mdogo alibaki kwa jirani muda wote ule, na nilivyofika akanificha uso, akaingia kwenye miguu ya jirani akamwita mama.

Kwenye ile fomu ya mapokezi, chini ya mali za mfungwa, kabla ya saini, kuna nafasi tupu kama ya mistari mitatu. Nimeisaini mara mbili naijua. Wekeni pale watoto wangapi, wako na nani sasa hivi, na nani apigiwe simu usiku huu. Namba ya jirani nilikuwa naijua kwa kichwa. Na aliniambia mwenyewe baadae, kwamba usiku ule simu aliiweka kwenye chaji, akaongeza sauti mpaka mwisho, akakaa nayo mapajani, huku mtoto analia, mpaka kunakucha.

Wenu,
Mama wa watatu, yule wa ufunguo mmoja